Zamu ya Mama Langoni

Asubuhi ile Torquil Macrae alikula kifungua kinywa chote alichowekewa. Mayai, nyama, uyoga, na ile soseji nyeusi ya damu ambayo wageni huisukuma pembeni mwa sahani. Alipomaliza akaifuta sahani kwa kipande cha mkate, akaagiza chai nyingine. Mtu anayekwenda kumzika mama yake hali namna ile, lakini huyu alikula, na binti aliyewahudumia akadhani wamekuja matembezi.

Walikuwa wamelala hotelini Inverness, yeye na mkewe Verity, ilhali dada yake Dolina alikwisha kuwatandikia kitanda nyumbani kwa mama. Kule kwetu bondeni, maiti hurudishwa nyumbani kwa usiku wa mwisho. Jeneza huwekwa sebuleni, ndugu na majirani wakakesha nalo, wakisoma zaburi na kunywa chai. Torquil alimwambia dada yake kwenye simu kwamba Verity ni mtu wa kusini, hajazoea mambo hayo, ataogopa. Verity alikuwa ameketi hapo hapo kitandani akisikia. Hakuwa ameulizwa hata kidogo.

Ukweli ni kwamba Torquil alikuwa anaona aibu. Miaka miwili hakuwa ametia mguu kwao. Mama Murdina aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, na kila mara mwanawe alisema, "Mwezi ujao, Mama, mwezi ujao nakuja." Sasa majirani wote wangekuwa pale sebuleni, na kila mmoja angemshika mkono na kumwambia kwa upole, "Alikuwa anakuulizia." Hilo ndilo alilolikimbia. Alitaka kufika saa sita kamili makaburini, ashike kamba, azike, aondoke zake.

Kuhusu hiyo kamba, ni hivi. Kwetu jeneza halishushwi na wachimba kaburi. Hushushwa na watu wa marehemu kwa kamba nyeusi zenye vishada, kila mtu na yake, na kila kamba ina kikadi chenye namba. Kamba ya kwanza, ya kichwani, ni ya mtoto wa kiume. Mama Murdina hakuwa na mwana mwingine, na alimwambia Dolina waziwazi siku chache kabla ya kukata roho: "Kichwa changu ashike Torquil. Msimpe mtu mwingine. Atachelewa, mnamjua, lakini atafika." Akacheka, akakohoa. Huo ulikuwa utani wake wa miaka yote juu ya mwanawe.

Garini Torquil alikaa kidogo bila kuwasha injini.

"Kuna barabara mbili," alisema. "Ile kuu, ya malori. Inawahi, ila hakuna cha kuona. Na ile ya zamani, inayopanda mlima. Ukifika juu unaliona ziwa lote chini yako."

"Tunatakiwa saa ngapi?" Verity aliuliza.

"Muda upo."

"Sikukuuliza kama upo, Torquil."

"Haraka haraka haina baraka, mke wangu. Miaka yote unaniambia nikuonyeshe kwetu. Basi leo nakuonyesha."

"Leo? Leo hii, mama yako akiwa kwenye jeneza?"

"Mama mwenyewe aliipenda njia hiyo," alisema. Na hilo halikuwa uongo. Walipokuwa wadogo Mama aliwapandisha kule juu na chupa ya chai, akawaketisha kwenye jiwe kulitazama ziwa, akasema mtu akiliona vizuri mara moja hawezi tena kuwa maskini. Torquil alimtaja mama yake ili apate njia ya kumkwepa. Verity hakulijua hilo, akafunga mkanda.

Siku ilikuwa nzuri kwa Desemba. Jua lilikuwa chini, la rangi ya chai ya maziwa, na milima ilikuwa na theluji vichwani tu. Barabara ile ya zamani ni ya gari moja. Kila baada ya mwendo kidogo pamepanuliwa ubavuni pa kupishana, na pamewekwa nguzo yenye kibao. Adabu yake anaijua hata mtoto. Anayekuja mbele yako, mpishe. Aliye nyuma yako na ana haraka, jitoe ubavuni, apite. Aliyepishwa huinua mkono kushukuru. Asiyefanya hivyo tunajua ni mtalii, au ni mtu asiye na malezi.

Gari jeusi lilitokea nyuma yao walipoanza kupanda.

Lilikuwa refu, la zamani, taa zimewashwa mchana kweupe. Torquil aliliona kwenye kioo, akaendelea na mwendo wake wa kutazama mandhari. Alikuwa akimwonyesha Verity maporomoko ya maji, na swala wakubwa wenye pembe waliosimama kando bila kuogopa gari.

"Kuna mtu nyuma," Verity alisema.

"Namwona."

"Mpishe basi."

"Na yeye atazame. Nani kamwambia ana haraka kuliko sisi?"

Wakapita mahali pa kupishana. Wakapita pengine. Gari jeusi halikupiga honi. Halikuwasha taa kali. Lilifuata tu, kwa umbali ule ule, Torquil akipunguza nalo linapunguza. Verity aligeuka kutazama, akakaa amegeuka muda mrefu, halafu akatazama mbele na kulivuta koti lake kifuani.

"Dereva ameinua mkono," alisema.

"Wa kushukuru?"

"Wa kushukuru."

"Kwa lipi? Sijampisha."

Walipofika juu kabisa, pale penye uwanja wa kuegesha, Torquil alijitoa barabarani, akazima gari, akangoja gari jeusi lipite. Halikupita. Alishuka, akaenda ukingoni kutazama walikotoka. Kutoka pale juu unaiona barabara yote ilivyojikunja mpaka bondeni, na hakuna njia ya kuchepukia wala upana wa kugeuzia gari refu namna ile. Barabara ilikuwa tupu mpaka chini. Kulikuwa na kondoo tu.

"Wamegeuza," Torquil alisema.

"Wamegeuzia wapi?" Verity aliuliza, kwa sauti ndogo.

Alicheka. Na badala ya kuingia garini akaondoka, mjinga yule akatoa simu apige picha. Ziwa lilikuwa chini yao, limetulia, la fedha, na visiwa vyake vimekaa juu yake. Alipiga picha ziwa, akampiga picha Verity, akaomba naye apigwe, akatabasamu kwenye suti ya msiba na tai nyeusi. Wakanywa chai ya chupa. Simu haikuwa na mtandao, kwa hiyo hakujua kwamba Dolina alikuwa anampigia na kumpigia. Alipotazama saa, sita ilikuwa imekwisha kupita.

Njia ya kushuka walikuta kundi la kondoo limejaa barabarani na mchungaji wake hana pupa. Torquil alipiga honi. Yule mzee akamtazama suti, akatazama tai nyeusi, akaswaga kondoo haraka alivyoweza, akavua kofia. Torquil alipita bila kuinua mkono. Wakati huo mvua ilianza, ile mvua ya kwetu isiyonyesha kutoka juu bali kutoka kando.

Kabla sijasema alichokikuta, niseme kile ambacho kila mtu bondeni anakijua na kila mtu hudai hakiamini. Maiti wa mwisho kuzikwa ndiye anayelinda makaburi. Husimama langoni usiku na mchana, kwa baridi na mvua, halali, mpaka azikwe mwingine wa kumpokea zamu. Ndiyo maana zamani maziko mawili yakiangukia siku moja, watu walikimbizana na majeneza barabarani, wakapigana makonde langoni, wengine wakalirusha jeneza juu ya ukuta, ili mtu wao atangulie na asiachiwe zamu. Siku hizi hatupigani. Lakini siku ile yalikuwapo mawili, ya Mama Murdina na ya mzee Hector Beaton, maana theluji ya wiki iliyopita ilichelewesha yote, na ilikwisha kukubaliwa kwamba Murdina atangulie. Yeye ni mwanamke, walisema watoto wa Hector, na baba yetu alikuwa askari. Kulinda amezoea.

Torquil alipofika aliona magari mawili ya maiti. Moja lilikuwa tupu. Nalo la mama yake lilikuwa nje ya lango, mlango wa nyuma uko wazi, na jeneza bado limo. Watu walikuwa wamesimama mvuani pande mbili za njia, wanaume kwa wanawake, kimya. Hakuna aliyemlaumu. Wallahi, afadhali wangemlaumu.

Dolina alikuja mpaka dirishani. Mwanamke huyu ni mkubwa wa mwili na wa sauti, siku zote, lakini siku ile alinong'ona.

"Torquil. Ulikuwa wapi?"

"Vipi? Mbona Hector..."

"Tuliwangojesha. Wakangoja. Watoto wake walisema watangoja mpaka kesho. Ila mama yao ana miaka tisini, Torquil, alikuwa anatetemeka kwenye kiti chake hapa mvuani. Nikasema basi, tangulieni." Alifuta maji ya mvua usoni. "Ruaridh wa Hector alijitolea akushikie kamba. Nikakataa. Mama alisema ni wewe. Ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Angesema, "Nilikuwa natazama ziwa, dada." Aibu ingemchoma mara moja, ikaisha.

"Barabara kuu imefungwa," alisema. "Lori limepinduka."

Verity aligeuza uso upande wa pili. Dolina alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa polepole. "Pole," alimwambia. "Pole sana. Njoo."

Torquil alivua glavu, akaziweka juu ya ukuta, akaitwa kwa namba ya kwanza. Akashika kamba ya kichwani. Jeneza likaanza kushuka, na wote sita wakiachia taratibu kama inavyotakiwa, kamba za wenzake zililegea sawasawa. Yake haikulegea. Ilivuta. Ilivuta mara mbili, vuto fupi, kama vile Mama alivyokuwa akimvuta mkono wa shati kanisani anaposinzia. Alitazama nyuso za wenzake. Hakuna aliyeona kitu. Jeneza likatua. Wote wakazitupa kamba zao ndani, naye akatupa yake, akaiona inaangukia juu ya kifuniko na kikadi chake cheupe cha namba moja. Dolina aliiona. Verity aliiona. Kisha udongo ukatupwa, mweusi, mzito, mpaka kaburi likajaa.

Baadaye watu walikwenda kwenye hoteli ya kijijini kula. Supu ya shayiri, mikate ya nyama, wiski kwa anayetaka. Torquil hakupitisha kitu kooni. Alikuwa amesimama karibu na moto wakati Ruaridh, mtoto wa mzee Hector, alipomjia na kofia mkononi. Ruaridh ni dereva wa gari la kusukuma theluji, mtu mpole, mikono yake ni mikubwa kuliko maneno yake.

"Bwana Torquil, nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini?"

"Kutangulia. Haikuwa haki. Mama yako alinifundisha kusoma." Akazungusha kofia. "Nimesikia kuna lori lilipinduka."

"Ndiyo."

"Nimeipita barabara kuu asubuhi hii, nikarudi nayo." Alitazama kofia yake. "Sikuliona. Lakini litakuwa limepinduka baada yangu, bwana. Bila shaka ni baada yangu."

Akampa mkono, akaondoka. Njia ya mwongo ni fupi, na Torquil alikuwa amefika mwisho wa yake mbele ya moto, na aliyemfikisha ndiye aliyemwomba msamaha. Masikio yalimwaka. Alimwambia mkewe kwamba amesahau glavu makaburini, akatoka.

"Torquil," Verity alimwita mlangoni. "Mwambie dada yako. Usiponiambia nikae kimya sitakaa. Ukiniambia nikae, nitakuchukia."

"Nikirudi," alisema.

Desemba kwetu jua likizama halikuagi. Alipofika makaburini palikuwa na mwanga bado, lakini wa kijivu, usio na kivuli. Mvua ilikuwa imekoma. Lango la pale ni la chuma, na lina jiwe zito lililofungwa kwa mnyororo, ili ukiachia tu lijifunge lenyewe, kondoo wasiingie. Kila mtoto wa kule limewahi kumbana vidole.

Lango lilikuwa wazi.

Jiwe lilikuwa limening'inia, mnyororo umekaza. Lilikuwa wazi na hakuna kilicholizuia. Torquil alishuka. Aliziona glavu zake juu ya ukuta. Alitembea kuziendea. Akasikia mtu anavuta pumzi, kwa taabu, kama mtu mwenye kifua kibovu.

Hakutaka kutazama. Akatazama.

Kwanza aliona viatu. Vilikuwa ndala za ndani, za sufu, za buluu, zile alizomtumia Mama kwa posta Krismasi ya mwaka juzi badala ya kuja. Zilikuwa zimelowa chapachapa. Mkono uliolishika lango ulikuwa na pete yake. Macho hakuyainua kuufikia uso. Hakuthubutu.

"Nani yuko nyuma yako?" sauti iliuliza.

Ilikuwa sauti yake. Ile ile.

"Hakuna," alinong'ona. "Hakuna mtu, Mama."

Maji yalidondoka kutoka kwenye chuma.

"Ulichelewa."

Na wanadamu tulivyo! Alijua anasema na nani, alijua yule hana la kufichwa tena. Na bado mdomo wake ukafunguka ukasema, "Barabara kuu ilifungwa, Mama. Lori lilipinduka."

Mama alivuta pumzi, akaiachia. Baridi ilipanda kutoka ardhini, ikamwingia kwenye nyayo. Kisha akauliza, taratibu, kama alivyokuwa akiuliza habari za shule.

"Ziwa lilikuwa zuri leo?"

Torquil alipiga magoti pale pale kwenye matope. Alilia kwa sauti, yeye, mtu mzima, suti yake na tai yake. Alilia hadi akakosa pumzi.

"Lilikuwa zuri, Mama."

"Lilitulia?"

"Lilitulia."

"Vizuri," ilisema sauti. "Inuka. Utapata homa. Nenda kale."

Alipoinua macho hapakuwa na mtu. Ndala hazikuwapo. Matope ya langoni hayakuwa na alama yoyote isipokuwa magoti yake. Alikimbia garini, akasahau glavu mara ya pili. Na katika kioo, alipokuwa anaondoka, aliliona lango. Lilikuwa wazi vile vile.

Alimkuta Dolina jikoni kwa Mama, anaosha vikombe vya watu wa msiba. Verity alikuwa anafuta. Torquil alisimama mlangoni na matope magotini, akasema yote bila kupumzika: barabara ya mlimani, gari jeusi, picha, chai, hakuna lori, hajawahi kuwapo lori. Akasema na kwa nini hakulala nyumbani. Halafu akasema alichokiona langoni.

Dolina hakuacha kuosha mpaka alipomaliza. Kisha akakaa.

"Nilijua hakukuwa na lori," alisema. "Nilikuona shingo. Tangu utotoni ukisema uongo shingo inakuwa nyekundu."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya watu wote wale? Na wewe unamzika mama? Aibu yako ni yangu, mpumbavu wee." Alifuta mikono kwenye aproni. Aliifuta muda mrefu. "Kuna jambo hulijui. Halmashauri wameyafunga yale makaburi. Yamejaa. Anayeruhusiwa ni yule aliyekwisha kulipiwa nafasi zamani tu. Zilikuwa zimebaki tatu. Ya Hector, mkewe ameomba azikwe kwao. Ya Mama."

"Na ya tatu?"

Dolina alimtazama. Verity aliweka kikombe chini.

"Yako na mumeo," Torquil alisema haraka. "Ni yako."

"Mimi nitalala kwa watu wa mume wangu, ng'ambo ya ziwa. Unajua hivyo." Aliikunja aproni magotini. "Mama alikununulia wewe ulipozaliwa. Ubavuni mwake. Akasema mtoto huyu atatembea mbali, lazima awe na mahali pa kurudi."

Birika lilianza kulia jikoni na hakuna aliyeliondoa.

"Kwa hiyo Mama atasimama pale," Torquil alisema.

"Atasimama."

"Mpaka..."

"Mpaka wewe, Torquil."

Usiku ule walilala nyumbani, kwenye kile kitanda alichowatandikia Dolina. Asubuhi kulikuwa na jalidi. Kila kitu kilikuwa cheupe na kigumu: nyasi, ukuta, vioo vya gari. Torquil alikwangua barafu kwenye mlango wa gari, akaufungua kwa ufunguo, akarudi nyuma hatua moja. Verity aliyekuwa nyuma yake akamshika bega.

Kwenye usukani ilikuwa imefungwa kamba nyeusi yenye kishada. Ilikuwa imefungwa kwa fundo la masikio mawili, lile Mama alilomfungia viatu kila asubuhi ya shule. Udongo mweusi ulikuwa umeigandama. Kikadi chake kilikuwapo, kimelegea kwa maji, na namba moja ilisomeka. Gari zima lilikuwa limeganda ndani na nje, ila kamba ile ilikuwa imelowa, na ilidondosha matone kwenye kiti. Walikwenda makaburini wote watatu kulitazama kaburi. Udongo ulikuwa umekaa kama ulivyoachwa, mashada juu yake, jalidi juu ya mashada. Halikuguswa.

"Turudi kwa barabara ipi?" Verity alimuuliza walipoagana.

"Kuu," alisema Torquil.

Siku hizi Torquil hachelewi. Huja kila mwezi, kwa barabara ile ya malori isiyo na cha kuona, na hufika kabla ya saa aliyosema. Mvua ikinyesha husimama langoni kwa Mama mpaka suti inaganda, na watu wakipita hawamsemeshi. Akiondoka huinua mkono, kama mtu aliyepishwa. Lango hujifunga kwa kila mtu. Kwake halijifungi.

Kamba anayo Dolina, jirani yangu. Ameitundika jikoni, juu ya jiko linalowaka usiku na mchana, pale anapoanikia soksi za mumewe. Soksi hukauka kabla chai haijaiva. Nimeigusa ile kamba kwa mkono wangu, juzi nilipokwenda kununua mayai. Bado imelowa.